Sauti ya Yudita Iliyokwama Nairobi

Kumepambazuka kwa shida mjini Njombe. Barafu nyembamba imeyashika majani ya kabichi nyuma ya nyumba, na ndani ya chumba kidogo cha mbele Yudita Mtewele ameshaliweka jiko la mkaa karibu na miguu yake. Anausukuma mkono wa mashine ya kufumia masweta kwenda kulia, anaurudisha kushoto. Kila akisukuma, mstari mmoja wa sweta la kijani unashuka.

Mlangoni kuna mteja. Amebisha hodi, amerudia, amerudia tena. Yudita hageuki. Mteja anaingia, anakanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino, na hapo ndipo Yudita anainua kichwa.

"Kamwene, mama. Ungepiga mguu tangu mwanzo," anasema akicheka. "Hodi yako nyembamba. Masikio yangu hayaipati."

Yudita ana umri wa miaka sitini na minane. Wateja wake wa siku nyingi wanajua namna ya kuzungumza naye: unakaa upande wake wa kulia, unashusha sauti iwe nzito, huna haja ya kupiga kelele. Mngurumo wa lori anausikia. Ngoma anaisikia. Lakini ndege, filimbi, mlio wa simu na vicheko vya watoto vimemtoka kidogo kidogo, mpaka siku moja akagundua kwamba asubuhi zimekuwa kimya.

Daktari aliyempima alimwambia ni umri, na pia ni mashine. Ameisukuma kwa zaidi ya miaka thelathini, katika chumba ambacho kitanda kikiingia mtu hatoki. Mashine hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wake wanne baada ya mumewe, fundi seremala, kufariki. Sweta moja la shule huliuza shilingi elfu kumi na tano, na miezi ya baridi kama hii ndiyo miezi yake.

"Uziwi peke yake nisingeulalamikia," anasema. "Wazee wengi wanapotewa na masikio. Mimi kinachoniuma ni kwamba santuri imekuja sasa. Miaka yote niliyokuwa nayo masikio, haikuja."

Santuri anayoitaja inaitwa Njia ya Baridi. Ilirekodiwa Nairobi mwaka 1976 na vijana wa Makambako waliojiita Bendi ya Taa Nyekundu. Haikuwa dansi wala kwaya. Ilikuwa roki, tena ile roki ndefu ambayo wapenzi wake huiita progresivu: wimbo unaojaza upande mzima wa santuri, unaobadilika mwendo njiani, unaopanda na kushuka kama safari. Mwimbaji wake pekee alikuwa Yudita, binti wa mwinjilisti wa Kifanya, wakati huo akiwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Kuelewa namna muziki kama huo ulivyozaliwa Makambako, inabidi kurudi mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati reli ya kwenda Zambia inajengwa.

Kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote. Milima ilitobolewa, mabonde yakavukwa kwa madaraja marefu. Kambini walikutana vijana kutoka kila upande, wakiwemo Wazambia waliokuja na magitaa ya umeme na santuri za roki za kwao. Gideoni Sanga, Mkinga wa Matamba, alikuwa mmoja wa vibarua wa mahandaki. Jioni alikuwa anakaa na Wazambia hao, akiangalia vidole vyao.

"Gideoni hakufundishwa na mtu," anasema Yudita. "Aliangalia, akaenda kujaribu. Reli ilipokwisha, Mzambia mmoja akamwachia gitaa. Wenzake wakanunua ngoma na kinanda. Umeme walikuwa wanaomba kwenye jenereta la kambi, na aliyekuwa analitunza aliwapa kwa sharti kwamba wasipige usiku."

Yudita wakati huo alikuwa Makambako kwa shangazi yake Flora, akijifunza ushonaji. Gideoni alimsikia akiimba harusini, ndani ya kwaya. Ibada ilipokwisha alimfuata shangazi, si msichana, akamwamkia kwa heshima zote na kusema anaomba kuazima sauti.

"Shangazi akamuuliza, sauti inaazimwaje? Akajibu, 'Shikamoo tena, mama. Nina wimbo una shimo katikati. Nimejaribu kulijaza kwa gitaa, nimeshindwa. Sauti ya huyu inatosha pale.'"

Wimbo huo ndio uliokuja kuitwa Njia ya Baridi. Uliwahusu vijana waliopanda na reli kutoka joto la mabondeni hadi baridi ya nyanda za juu, na wenzao waliobaki ndani ya mahandaki. Katikati yake vyombo vyote vilipaswa kunyamaza. Gideoni alitaka hapo isikike sauti moja tu, mama akimwita mwanawe arudi nyumbani kwa sababu baridi imeingia. Alitaka iwe kwa Kibena, lugha ya upande huu wa Njombe, maana alikuwa amewasikia akina mama wakiita hivyo kutoka vilimani, jua likizama, wakati yeye na wenzake wakitoka handakini.

Yudita alimwambia wimbo kama huo anaujua. Mama yake alikuwa akiuimba.

Safari ya Nairobi ilifanyika Novemba. Shangazi Flora alikwenda pia, kwa sharti la baba mwinjilisti, akiwa amebeba kapu la viazi vya kuchemsha. Studioni alikaa kwenye kona na kapu lake magotini. Ngoma zilipoanza, Yudita anakumbuka, shangazi alifumba macho akasali kwa sauti, hadi fundi wa mitambo akaja kumwomba asali kimoyomoyo kwa kuwa sala nayo ilikuwa inaingia kwenye rekodi.

"Mimi niliimba mara moja tu," anasema. "Gideoni alikuwa nyuma ya kioo. Nilipomaliza nikadhani nimekosea, kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Kisha nikaona anafuta uso kwa kofia."

Hawakusikiliza rekodi. Muda wa studio waliolipia ulikuwa umekwisha na basi lilikuwa linaondoka asubuhi. Waliambiwa santuri zitachapishwa baada ya Krismasi, na boksi lao litafuata kwa barabara.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Boksi lilikuwa bado Nairobi. Gideoni alisafiri hadi mpakani kuomba aruhusiwe kulifuata, akarudishwa. Huko Kenya hapakuwa na mtu wa kulitangaza jina la Taa Nyekundu, wala bendi ya kupanda jukwaani. Maduka yalipokea santuri zenye wimbo wa dakika kumi na nane, usiochezeka, wa watu wasiojulikana, yakaziweka chini ya nyingine.

Mpaka ulipofunguliwa miaka sita baadaye, studio ilikuwa imefungwa. Bendi nayo haikuwepo. Mpiga kinanda alirudi kijijini kwao, mpiga ngoma akaenda kutafuta maisha Songea. Wote wawili sasa ni marehemu. Gideoni alipata kazi kwenye karakana ya reli upande wa Zambia. Yudita aliolewa Njombe.

"Watu siku hizi wananiuliza kama Gideoni alikuwa mchumba wangu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anauacha mkono wa mashine. "Hapana. Wachumba walikuwepo wengine. Gideoni alikuwa mtu aliyeniambia kwamba sauti yangu ina kazi ya kufanya. Hakuna mwingine aliyewahi kuniambia hivyo. Kwenye kwaya tulikuwa wengi."

Walionana tena mara moja tu, mwaka 1998, sokoni Makambako. Yeye alikuwa amefuata nyuzi, Gideoni ameleta pareto na viazi kutoka Matamba, alikokuwa amerudi kulima. Nywele za Gideoni zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Waliamkiana, wakaulizana habari za watoto.

"Akaniuliza, 'Yudita, umewahi kuisikia?' Nikamwambia, sijawahi. Akacheka. Akasema, 'Hata mimi.' Basi tukaongea bei ya viazi."

Anaushika tena mkono wa mashine.

"Nilikuwa na jambo la kumwambia. Watoto wangu wote wanne niliwalaza kwa ule wimbo, lakini siyo kama alivyouimba mama yangu. Niliwalaza kwa ule mwendo wa Gideoni, ule wa polepole, wenye kusimama pale katikati. Kwa hiyo wimbo wake haukuwa umepotea wote. Ulikuwa unaimbwa Njombe kila jioni. Nikasema moyoni nitamwambia siku nyingine tukikutana. Pale sokoni palikuwa na watu, niliona haya."

Hawakukutana tena.

Oktoba mwaka juzi, Remmy Mgaya, muuza simu na spika mjini Makambako, alikuwa dukani kwake akisikiliza muziki wa zamani mtandaoni. Mkusanyaji mmoja wa santuri jijini Nairobi alikuwa ameweka huko albamu aliyoikuta katika stoo ya duka la marehemu, na chini yake wasikilizaji wa nchi mbalimbali walikuwa wakiulizana hawa watu ni akina nani na walipotelea wapi.

"Nilidhani ni Wazungu," anasema Remmy, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. "Gitaa linalia, kinanda kinazunguka, ngoma huelewi inakwenda wapi. Nilikuwa nauza chaja. Ghafla vyombo vikanyamaza na mwanamke akaanza kuimba Kibena. Kibena hiki hiki cha nyumbani! Mteja akaniuliza chenji yake, nikamwambia subiri, mnyalukolo, subiri ndugu yangu, kuna mama yetu anaimba hapa."

Kwenye lebo ya santuri palikuwa na jina moja tu la mwanamke: Y. Mtewele. Remmy alijua majina hayo ni ya wapi. Aliuliza kwenye sharika za Makambako, akaelekezwa Kifanya, na Kifanya mzee mmoja wa usharika akamwambia binti wa mwinjilisti anafuma masweta Njombe mjini. Alifunga safari Jumapili, akiwa na spika begani.

Letisia, binti mkubwa wa Yudita, alikuwepo siku hiyo. Anasema mama yake aliposikia jina la bendi alikwenda kwanza kubadilisha kitambaa cha kichwa, kama mtu anayepokea wageni wa posa. Kisha akakaa.

Muziki ulianza. Besi ilimfikia Yudita, ngoma zikamfikia. Akaanza kutikisa kichwa, akamtaja mpiga ngoma kwa jina, akacheka peke yake. Kinanda alikipata nusu nusu. Aliweka kiganja juu ya spika ili asipoteze kitu.

Halafu akamtazama Remmy.

"Imezimika?" aliuliza.

Remmy aligeuka. Akamtazama Letisia.

"Spika ilikuwa inalia," anasimulia Letisia. "Chumba kizima kilikuwa kimejaa sauti ya mama akiwa msichana. Ilikuwa ndogo, kali, safi mno. Na mama ameketi mbele yake anangoja muziki uendelee. Nikampigia magoti, nikamwambia sikioni, 'Mama, haijazimika. Ni wewe. Unaimba.'"

Yudita aliondoa kiganja juu ya spika, akakiweka mapajani. Walirudia kipande hicho wakiongeza sauti mpaka majirani wakatoka nje. Walijaribu kwa simu, kwa vifaa vya masikioni, na wiki iliyofuata kwa spika kubwa za usharika. Alisikia mahali anapoanzia, kwa sababu ngoma zilinyamaza. Alisikia mahali anapoishia, kwa sababu zilirudi. Katikati hapakuwa na kitu.

"Nilimwambia Remmy aache," anasema. "Nikamwambia, mtafute Gideoni. Huu muziki ni wake, yeye ndiye anayepaswa kuusikia kuliko mimi."

Remmy alipiga simu Matamba. Jibu lilirudi siku ile ile. Gideoni Sanga alifariki mwaka 2022, katika msimu wa kuvuna viazi. Amemwacha mjane, Fidelia.

Yudita alifuma masweta kwa majuma kadhaa bila kulitaja tena jambo hilo. Kisha akasema anataka kwenda kuhani.

Remmy alikodi gari. Walishuka barabara ya Mbeya hadi Chimala, wakapanda zile kona za Matamba huku Yudita akiwa amefumba macho. Fidelia aliwapokea uani, mwanamke mrefu, mwenye sauti nene, ambaye hakuelewa vizuri wageni hawa wanamjuaje mumewe. Walisali kwanza. Walikwenda kaburini. Ndipo Remmy akaweka spika juu ya kiti cha jikoni, jirani na moto.

Fidelia alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Gitaa halikumwambia chochote. Anasema katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kuona gitaa ndani ya nyumba hiyo. Lakini ngoma zilipoingia katika ule mwendo wake wa kupindapinda, mwiko ulimtoka mkononi.

"Hii!" alisema. "Hii ndiyo alikuwa anaipiga kwenye kikombe! Kila asubuhi akinywa chai, kwa kijiko. Mimi namgombeza, namwambia baba Nathanieli, hiyo ngoma yako haichezeki, utapasua kikombe. Anaacha. Kesho anaanza tena." Alikaa chini. "Kumbe alikuwa na wimbo mzima. Mbona hakuniambia?"

Yudita, ambaye mjane alikuwa upande wake wa kulia, aliyasikia yale maneno yote. Sauti ya Fidelia ilikuwa nzito.

Kisha vyombo vikanyamaza, na Yudita akamwona mjane akiinua uso.

"Kuna mwanamke anaimba," alisema Fidelia.

"Anaimbaje, wifi?" aliuliza Yudita. "Niambie. Mimi sisikii."

Fidelia alimtazama, akamtazama Remmy, akaelewa.

"Anaita," alisema polepole. "Kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Hapigi kelele, lakini unaona kabisa sauti itafika. Sasa amesimama. Anangoja kama atajibiwa." Akainamia spika. "Anaita tena. Safari hii kama anajua hatajibiwa. Dada, ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

Wawili hao walikaa jikoni hadi jioni. Yudita alimweleza Fidelia habari za kijana aliyekuwa anaangalia vidole vya Wazambia, aliyeomba kuazima sauti, aliyejifuta uso kwa kofia nyuma ya kioo. Fidelia alitaka kujua kila kitu, hata kofia ilikuwa ya rangi gani. Alilia kidogo, akakasirika kidogo pia.

"Nimeishi na mtu, nimemzika, sasa ndiyo naletewa nusu yake nyingine," alimwambia mwandishi wa makala haya kwa simu. "Nashukuru. Lakini ingekuja akiwa hai ningemnunulia hata kikombe cha bati, apige anavyotaka."

Mkusanyaji wa Nairobi ameomba kuitoa upya albamu hiyo. Yudita amekubali akiwa na maombi mawili: jina la Gideoni Sanga liandikwe juu, kamili, pamoja na Matamba, na mazungumzo yote yapite kwa Fidelia kabla ya kufika kwake. Ametumiwa jumbe na watu asiowajua, wanaosema sauti yake imewatoa machozi. Letisia humsomea. Yeye husikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa habari za ndugu aliyeko mbali.

Masweta ya baridi yakiisha, mwezi wa tisa, atakwenda Mbeya kupimwa upya na kujaribishwa kifaa cha kusaidia masikio. Ameshaambiwa asitegemee sana. Kifaa kinaweza kumrudishia mazungumzo. Sauti za juu kama ile ya kwenye santuri, daktari hakuahidi.

"Wakinivisha, sitaanza na santuri," anasema, akiunganisha uzi uliokatika. "Nataka kwanza nimsikie Letisia akiniita. Nimemchosha yule mtoto, kila neno namwambia nini, nini. Santuri baadaye."

Na kama daktari yuko sahihi, kama kipande kile kitabaki kimya?

Yudita anainamia mashine. Anauweka uzi sawa kwenye sindano.

"Fidelia ameshaushika wimbo," anasema. "Huko Matamba anausikiliza kila siku kwenye simu ya mwanawe. Kibena chake kibovu, anakivuta kama Mkinga. Lakini juzi alinipigia kwenye simu ya Letisia, akaniimbia wote, kwa ile sauti yake nzito, chini kabisa." Anasukuma mkono wa mashine kwenda kulia. "Nilisikia kila neno. Atakuja Njombe kabla ya Krismasi, nimemwambia akae hata mwezi."